Kinachoamka Kabla Yako

Miguu ya Bibi Naetwe ilikuwa inachelewa kuamka. Macho yalifunguka, pumzi ikaja, ulimi ukafuata, lakini miguu ililala pale kitandani kama kuni zilizonyeshewa. Yeye akabaki anatazama dari, mkojo umembana, huku ndani ya sikio mtu asiyemjua akimwimbia habari za magodoro. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zake tangu kampuni ya Mzinduko ilipombandika kigae.

Kigae ni jina walilokipa watu wa Mhesha wenyewe, kwa kuwa kilifanana na kipande cha chungu kilichovunjika. Kampuni ilikuwa na jina lake refu, na hakuna aliyehangaika nalo. Mtu akipigwa na kiharusi, akibandikwa kigae nyuma ya sikio, upande uliokufa unaanza kutii tena. Anakwenda shamba, anakoroga makande, anagombana na kuku. Akilala, kigae nacho kinalala. Akifumbua macho, kinawaka upya, kitu kimoja nyuma ya kingine, kwa foleni. Wazee walipewa bure, na bure hiyo ilitajwa kila mkutano, mtu asije akasahau.

Siku ile alikuja Mwajabu, fundi wa vigae wa zahanati, akaketi kwenye kigoda na kishikwambi chake mapajani. Alitazama kidogo, akacheka kwa pua.

"Bibi, humu ndani kuna msafara."

Akamweleza. Kampuni, kila inapoongeza programu mpya, inaifundisha kuamka yenyewe pamoja na mwenye kigae, bila kuitwa. Ikifika asubuhi, programu zote zinakimbilia mlango mmoja, zinasukumana, na miguu, ambayo ndiyo yenye kazi, inabaki nje inasubiri zamu. Hazitafutwa, alisema. Zitanyimwa tu ruhusa ya kujiamsha. Bibi akizihitaji, ataziita.

"Kwani hizi aliziita nani?"

"Hakuna aliyeziita, Bibi."

"Basi zilale."

Mwajabu akawa anazitaja na Bibi Naetwe anaweka dole gumba kwenye kioo. Magodoro, yalale. Wimbo wa kampuni, ulale. Hali ya hewa ya miji ambayo hajawahi kuikanyaga, ilale. Ikafika moja iliyoitwa Msaada wa Ndani. Mwajabu alisema hiyo ameikuta kwenye vigae vyote vya wazee wa Mhesha, na hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake. Yeye huiona kama makopo matupu ambayo watu huyaacha uvunguni.

"Inasaidia nini?" Bibi akauliza.

"Haisemi."

"Nayo ilale."

Dole gumba likawekwa. Mwajabu akanywa chai, akasema tofauti ataiona akishalala na kuamka, akajitwika mkoba wake akaenda zake. Wote wawili walidhani wamefagia takataka.

*

Asubuhi iliyofuata miguu ilikuja kama mbuzi waliofunguliwa banda. Bibi Naetwe akakaa kitako upesi hata akajishangaa.

Halafu kikaja kitu kingine.

Alikuwa anakijua. Miaka yote ile ya kigae, kila asubuhi, ulimi ukishaamka na kabla miguu haijafika, kulikuwa na kitu kinapanda kifuani, kinasimama, kinafumbua mdomo kutaka kusema. Kilikaa muda kama wa kumenya ndizi moja. Kisha kilifunikwa, kama chungu kinavyofunikwa kawa, na yeye alibaki anatabasamu, asijue alitaka kusema nini. Leo alingoja kawa. Haikuja.

Kilikuwa hasira.

Ilianza na vitu vidogo. Kikombe kisicho na mkono, ambacho amekinywea bila kulalamika kama mfungwa. Kisha akatoka nje na kuitazama bustani yake ya tangawizi chini ya mteremko, akaiona kwa macho yaliyoamka. Majani yalikuwa ya njano. Mfereji ulikuwa mkavu, mijusi wanaota jua ndani yake. Akakumbuka kila kitu kwa mkupuo, na kumbukumbu zote zilikuwa na tabasamu lake juu yake.

Mhesha ni kijiji cha milima ya Upare, na maji yake yanakusanywa ndivani, bwawa walilochimba wazee wa wazee wao. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Mara moja kwa mwaka ndiva inakaushwa, watu wanashuka kuzoa tope, kazi ya pamoja wanayoiita msaragambo. Kazi ikiisha, kabla maji hayajarudishwa, wenye zamu wanabaki wamesimama matopeni, na mshika lango anamuuliza mmoja mmoja: una neno? Mwenye kinyongo kuhusu maji anakisema pale pale, tope likiwa miguuni. Maji hayaingii mpaka kila aliye matopeni aseme hana neno. Ila ukishasema huna, umesema. Huwezi kuja kulalamika ukiwa umevaa viatu.

Mzinduko ilipojenga nyumba yake ya mashine juu ya kijiji, mashine zile zilikuwa zinachemka na kutaka maji ya kuzipoza. Msimamizi wao alishuka ndivani kwa adabu, akaomba zamu ya huyu, akaomba ya yule. Na Bibi Naetwe, ambaye enzi zake aliwahi kumfukuza karani wa kata kwa mwiko, alisimama matopeni mwaka baada ya mwaka, akachukuliwa maji yake, akaulizwa una neno, akatabasamu.

Sina neno.

Alirudi ndani. Binti yake Namkunda, anayekaa naye, alikuwa anapuliza moto. Bibi Naetwe alimuuliza kama anakijua kitu kinachoitwa Msaada wa Ndani. Akaona mabega ya binti yake yanaganda.

Namkunda hakukana. Alieleza akiwa amempa mama yake mgongo. Daktari wa kampuni alikuwa amemwambia kwamba presha ndiyo iliyompiga mama yake, na hasira ndiyo inayopandisha presha, na ipo programu ya kuituliza kabla haijapanda. Mgonjwa mwenyewe hafai kuambiwa, maana atakasirika. Akaweka dole gumba kwa niaba yake. Na mwaka jana, baba mdogo Kadeghe alipoanguka, akaweka na kwa ajili yake, kwa kuwa hana mtu mwingine.

"Nilitaka mama aliye hai," Namkunda alisema.

"Ulitaka mama, au ulitaka kimya?"

"Nilitaka usife."

"Mimi sikufa, Namkunda. Nilihamishwa. Mtu akakaa humu, akawa anawagawia watu maji yangu huku anacheka, na wewe ukawa unampa chai."

Namkunda alilia. Siku nyingine yoyote mama yake angemfuata kumfuta machozi. Siku hiyo alimwacha alie, na kule kumwacha kulimuuma, na hata hayo maumivu aliyashika kwa mikono miwili kwa kuwa yalikuwa yake.

*

Mwajabu aliitwa. Alipima presha, akakunja uso, akatoa vidonge vile vya zamani ambavyo kampuni ilisema havihitajiki tena kwa mwenye kigae. Kisha akasikia habari yote, na akaziba mdomo kwa kiganja.

Bibi Naetwe hakuwa anajifikiria yeye tena. Alikuwa anamfikiria Kadeghe, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Kadeghe alikuwa na mtoto mmoja, Eliamani. Ndiva ya Mhesha ina desturi: maji hayafunguliwi kabla baragumu halijapigwa, ili aliye ndani atoke. Mashine za Mzinduko zilipokabidhiwa lango la juu, zilifungua kwa saa zao, bila baragumu, na Eliamani alikuwa chini anakwangua tope. Kadeghe alipigwa na kiharusi juu ya jeneza. Walipombandika kigae alisimama, akatembea, akaanza tena kupiga soga barazani. Na alikuwa anasimulia kifo cha mwanawe jinsi mtu anavyosimulia mvua ya juzi. Maji yalikuja, Eliamani akaondoka, ndiyo mambo ya dunia, niongezee chai shemeji.

Bibi Naetwe alikuwa ameisikia simulizi hiyo mara nyingi na kumwongezea chai. Sasa alipokumbuka, alitaka kutapika.

"Mfungue," alimwambia Mwajabu.

"Siwezi, Bibi. Kwako nilikosea. Kwake nitakuwa nimekusudia."

"Atakubali. Mwambie aweke dole."

"Ataweka, najua. Hata nikimwambia aliweke kwenye kaa la moto ataweka, na shukrani juu. Hivyo ndivyo walivyochukua maji yenu."

Hapo Bibi Naetwe aliona shimo lilipo. Akimfungua Kadeghe bila kumuuliza, amefanya kama walivyomfanya yeye. Akimuuliza, atakayejibu si Kadeghe, ni lile tabasamu. Na nyuma ya tabasamu kuna mtoto aliyekufa. Kuna watu ambao kilio kama hicho kingewaua. Nani alimpa yeye ruhusa ya kumpelekea mtu msiba mlangoni?

Alizunguka na jambo hilo siku nzima, akavunja na sahani moja kwa makusudi. Kuelekea jioni ndipo alipokumbuka ndizi.

Ule muda mfupi. Ulimi umeshaamka, kawa haijafika. Ndani ya muda ule mwenye nyumba yumo.

*

Mwanamke haingii chumbani kwa shemeji yake peke yake, hivyo alimwambia Namkunda wafuatane. Namkunda alikuja, bado hawasemeshani. Kulikuwa kunapambazuka. Walisimama kando ya kitanda, ukungu umejaa dirishani, na Kadeghe akafumbua macho.

Alivuta pumzi. Midomo ikacheza. Kisha uso wake ukapasuka.

"Baragumu," alisema. "Mbona sijasikia baragumu? Eli, toka humo, Eli..."

Sauti ile haikuwa ya mtu anayesimulia. Namkunda alishika ukuta. Bibi Naetwe alifungua mdomo aulize alichokuja kuuliza, na swali likampotea, na alipolipata, uso wa Kadeghe ulikuwa umeshalainika kama shuka linalonyooshwa.

"Ala, shemeji. Mmeamkaje? Mbona asubuhi yote hii?"

Walipotoka, Namkunda aliketi kwenye jiwe la kunolea panga. Ndivyo mimi nilivyokuwa, mama yake akamwambia. Kila siku. Na wewe ulikuwa chumba cha pili. Namkunda aliuliza kama Mwajabu anaweza kuja kesho, na Bibi Naetwe akajua amempata binti yake, kiasi.

Kesho ilikuwa siku ya msaragambo. Hapakuwa na asubuhi nyingine ya kujaribia.

*

Walikuwa watatu safari hii. Mwajabu alipiga magoti karibu na mto wa kulalia, kishikwambi mkononi. Bibi Naetwe alikuwa ameyapunguza maneno yake usiku kucha, kama mtu anayechagua mbegu, mpaka yakabaki machache.

Kadeghe akafumbua macho. Pumzi. Midomo.

"Kadeghe," alisema kabla uso haujapasuka. Hakumwita shemeji. "Eliamani amekufa. Wamekuwekea kitu usimlilie. Nikitoe?"

Macho yalimgeukia. Yalikuwa macho ya mtu aliyefukiwa anayesikia jembe juu yake.

"Itauma?"

"Itauma."

"Na wewe?"

"Nilitoa. Inauma."

"Ni mwanangu," Kadeghe alisema. "Nipe." Mkono wake wa kuume ukajikokota juu ya blanketi, ukatafuta kioo, dole gumba likakaa. Likakaa lenyewe, hakuna aliyelisukuma. Kisha tabasamu likaja, likaufunika uso wote, na akaanza kuwaamkia mmoja mmoja.

Mwajabu alifuta jasho. Alisema haijaisha. Kilichowaka leo kimeshawaka. Amri hiyo itafanya kazi kigae kikizimwa na kuwaka upya. Inabidi amlaze tena, sasa hivi, kwa kishikwambi.

Kadeghe alisikia. Akacheka taratibu.

"Mnilaze tena, wanangu? Ya nini? Mimi mwenzenu nimeridhika. Shemeji, acha tu. Nakuomba."

Nakuomba, alisema. Kidole cha Mwajabu kilining'inia hewani. Namkunda alimtazama mama yake, na mama yake akahisi damu inamgonga kwenye paji la uso kama mtu anayebisha hodi. Watu wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja, mmoja amesema nipe, mwingine amesema acha, na wote walikuwa na mdomo wa Kadeghe. Angeweza kukosea. Alijua angeweza kukosea, na kwamba akikosea hakuna atakayeweza kumsamehe, kwa kuwa mwenye kusamehe atakuwa amevunjika.

Akainama mpaka uso wake ukakaribia lile tabasamu.

"Nimeshazungumza na mwenye nyumba," akaliambia. "Wewe ni mpangaji. Na hukuwahi kukaribishwa."

Akamwashiria Mwajabu kwa kichwa amlaze. Kadeghe akazimika, nusu ya uso ikaanguka, mkono ukafa. Halafu pumzi. Halafu midomo. Muda wa kumenya ndizi ukapita, ukapita na mwingine, na tabasamu halikuja. Kilichokuja sitaki kukieleza kwa urefu. Majirani walidhani amefiwa upya, na walikuwa sahihi. Namkunda ndiye aliyemshika, akambeba kifuani kama mtoto, na alipochoka hakumwachia.

Jua lilipokuwa juu Kadeghe alinyamaza, akaomba jembe lake.

*

Ndivani tope lilikuwa limeshazolewa. Wazee walisimama kwa mstari, vigae nyuma ya masikio, wote wanatabasamu juani. Msimamizi wa Mzinduko alikuwa juu ya lango, kijana nadhifu, mpole, viatu vinang'aa. Tangu mashine zilipochukua lango, kazi ya kuuliza nayo ilikuwa yake.

"Mama Senzota, una neno?"

"Sina neno, baba."

"Mzee Mbonea?"

"Sina neno."

Alipofika kwa Bibi Naetwe hata hakuinua macho. Alikuwa ameshaanza kuhamia kwa mwingine.

"Ninalo," Bibi Naetwe alisema. "Rudi hapa."

Alisema la zamu yake, la mfereji na mijusi, na la kitu kilichowekwa nyuma ya sikio lake ili aseme ndiyo. Alisema bila kupandisha sauti, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinapasuka. Kijana yule alijibu kwa upole kwamba suala hilo litafikishwa ofisini, Mama, na afya yako ndiyo ya kwanza kwetu. Kisha, kama anayekimbilia kivulini, akageukia palipo rahisi.

"Mzee Kadeghe. Wewe najua huna neno."

Kadeghe alikuwa anatazama tope mbele ya miguu yake. Lilikuwa tope kama tope jingine. Akaliinamia, akalishika kwa kiganja.

"Neno ninalo," alisema. "Mtoto wangu alikuwa amesimama hapa. Baragumu halikulia. Nataka aliyefungua aje asimame nilipo, aniambie."

"Mzee wangu, ile ilikuwa mashine."

"Na mashine iliamshwa na nani?"

Kadeghe akakaa chini, matopeni, na suruali yake ya sherehe. Bibi Naetwe akaketi kando yake. Magoti yalikataa, akayalazimisha. Namkunda, aliyekuwa ukingoni na wenye viatu, alivua vyake, akashuka na kikombe cha maji na vidonge vya mama yake, akamnywesha, akakaa. Juu ya kijiji, nyumba ya mashine ilikuwa inavuma kwa sauti ya juu zaidi kuliko kawaida, kama kitu chenye kiu.

Msimamizi aliwaomba wazee wengine watoke wakapumzike kivulini, maana wao walishasema hawana neno. Aliwaomba vizuri, kama kawaida yake. Mama Senzota alimtazama, akatabasamu, na akakaa matopeni. Mzee Mbonea akatabasamu, akakaa. Neno la mwenzako likiwa halijaisha hutoki ndivani. Hilo walikuwa wamelijua kabla ya vigae, na hakuna programu iliyokuwa imefika chini kiasi hicho. Wakakaa mstari mzima, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka pakawa hapana aliyesimama.

Kijana alibaki na mkono kwenye lango. Miaka yote alikuwa amezipenda zile nyuso tulivu zinazomtazama kutoka chini. Leo zilikuwa zile zile, hazikubadilika hata kidogo, na ndizo zilizomfanya arudi nyuma hatua moja.